Springi za mbele za pikapu: anza na uzito

Ukiingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, ukaomba tu springi za kunyanyua Hilux inchi 2, utauziwa, lakini huenda gari likapanda inchi 3 au 1. Springi hutengenezwa kubeba uzito fulani. Iliyokusudiwa gari lenye bampa ya chuma na winchi (mashine ya kuvuta gari likikwama), ukiifunga kwenye gari la bampa ya plastiki, haibonyei inavyopaswa: mbele panabaki juu, na gari linadunda kila tuta.

Kwa hiyo piga hesabu ya kilo. Bampa ya chuma huongeza 40 hadi 70, winchi ya kamba ya chuma 30 hadi 40. Jumla hiyo mwambie muuzaji, kisha pima unene wa waya wa springi mwenyewe. Waya wa milimita 15 dhidi ya wa 14, vipimo vingine vikiwa sawa, ni mgumu zaidi kwa karibu asilimia 30. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo.

Urefu upime kutoka katikati ya habu (kitovu cha tairi) hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa kwenye sakafu bapa. Ukipima kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Utakuta pikapu nyingi zimeinama kidogo mbele, na zimepangwa hivyo makusudi: mifuko 15 ya saruji ni kilo 750, lazima nyuma ishuke. Ukisawazisha kabisa gari likiwa tupu, siku ya mzigo taa zitawapiga usoni wanaokuja Barabara ya Morogoro, na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi. Mimi ningeacha mbele pawe chini ya nyuma kwa sentimita 2 au 3.

Kwa pikapu ambazo kila tairi la mbele lina mkono wake (chuma kinacholishika likipanda na kushuka), mwisho wa kunyanyua ni milimita 50 hivi kwenye tairi. Ukizidisha, boljointi ya juu (kiungo cha mkono na tairi) na jointi za shafti inayozungusha tairi hufanya kazi kwa pembe mbaya. Buti, yaani raba zinazofunika jointi hizo, huchanika, grisi hutoka, mchanga huingia. Kumbuka pia kuwa shokapu, ikiwa na springi yake, imefungwa upande wa ndani wa tairi, katikati ya mkono: kipande cha milimita 25 juu ya shokapu hunyanyua tairi karibu mara mbili ya hapo. Raba za kupachika katikati ya mikunjo ya springi siziafiki kabisa. Zinazuia mikunjo miwili isifanye kazi, iliyobaki inabeba yote, na springi hukatika.

Wakati wa kufunga, stendi zikae chini ya chasisi. Nati ya katikati ya shokapu isiguswe kabla kibana springi hakijashika vizuri. Springi ikifyatuka inaua. Bolti za bushi za mikono (raba za maungio yake na chasisi) zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Fundi akizikaza tairi zikining'inia, raba ya bushi itakaa imejipinda muda wote, na itachanika mapema.

Kabla ya kushusha jeki, angalia mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge kwenye breki) visiwe vimevutika. Fanya alaimenti (kunyoosha tairi) siku hiyohiyo, halafu urudie baada ya kilomita 1,000, springi zikishatulia, na taa zirekebishwe hapo.