Kaseti za Baba, wiki ya sita: herufi S imerudi

Hatimaye nimeisikia herufi S kinywani mwa Baba. Kwa wiki tano nzima, kuanzia kaseti ya tano kwenda mbele, "saa saba" ilikuwa "aa aba" na "simama" ilikuwa "imama", kana kwamba marehemu alikuwa akizungumza akiwa amejifunika blanketi gubigubi. Usiku wa Jumanne, kwa kuzungusha skrubu moja iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, blanketi hilo liliondoka.

Kaseti zenyewe ni 14, zote za dakika 60, na zilikuwa katika sanduku lake la bati la jeshini. Baba alilitumikia Jeshi la Kenya kwa miaka mingi, nasi tulikulia kambini Lanet, karibu na mji wa Nakuru. Mwaka 1989 alikwenda Namibia na kikosi chetu kilichokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, akabaki huko hadi nchi hiyo ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Hata hivyo, siku zake za mapumziko hakuzikalia nyumbani. Alikuwa amefundishwa kufuata nyayo na babu, aliyekuwa mwindaji, na uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1977 yeye aliendelea kuwafuata wanyama bila silaha, na baadaye akiwa na redio ya kaseti iliyoning'inia begani. Alizungumza nayo kama anayetoa ripoti ya doria: saa ngapi, upepo unatoka wapi, ameona nini. "Nyayo za nyati, si za leo," anasema katika kaseti ya pili, "umande uliozifunika haujavunjwa."

Kaseti nne za kwanza zilisikika vizuri, na ndiyo maana ya tano iliponiangusha nilidhani utepe wake umeoza. Nilisafisha kichwa cha kusomea cha mashine yangu ya kuchezea kaseti kwa spiriti, nikabadilisha mkanda wa mota, ambao ulikuwa umeyeyuka na kuwa kama lami, nikauhamishia utepe katika kasha jipya lenye kipande kizuri cha sponji cha kuubana. Hakuna kilichobadilika. Nikajaribu kuzipandisha sauti nyembamba kwa programu ya kompyuta, nikaambulia kelele tupu, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Nakiri kwamba wiki ya nne nililifunga sanduku na sikulitazama kwa siku sita.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, fundi wa redio huku Bondeni, ambaye hakuigusa hata kaseti moja. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza, "Kijana wangu, redio iliyorekodi hizi iko wapi?" Nilimjibu kwamba iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zamani. "Iliwahi kuanguka?"

Nilirudi nyumbani nikausikiliza mwisho wa kaseti ya nne. Baba yuko Mlima Longonot, karibu na ukingo wa juu, anahema. Kisha mawe yanaporomoka, kishindo, mkwaruzo, na kimya. Mara mbili nilikuwa nimeipita sehemu hiyo nikiichukulia kuwa kelele za kufuta baadaye. Nilipomuuliza Mama, alicheka: "Baba yako aliteleza akaja nyumbani na goti limechunika, lakini alichokuwa akikipangusa ni redio."

Wenzangu wa kaseti wameshajua ugonjwa ulikuwa upi. Utepe hupita kwa sentimita 4.76 kila sekunde, kwa hiyo wimbi moja la sauti yenye mitetemo 5,000 kwa sekunde, ambamo herufi S hukaa, huenea chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Kichwa kikiinama kidogo tu, mawimbi hayo hufutana, ilhali sauti nene hupita salama. Redio ya Baba ilianza kurekodi kichwa chake kikiwa kimeinama tangu siku ile ya Longonot, na mashine yangu, niliyoilipia fedha nyingi ili inyooshwe barabara, ilikuwa ikimsoma kwa unyoofu asiokuwa nao. Dawa ilikuwa kuiharibu mashine iliyo sawa ili ifanane na redio mbovu.

Nilichanganya njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, kuwa moja, kwa sababu hapo kosa husikika waziwazi, nikavaa vidude vya masikioni, nikaanza kuzungusha ile skrubu inayoinamisha kichwa. Robo mzunguko kushoto, kukazidi giza. Nikarudi, nikavuka pale pa zamani kidogo, na ghafla: "Sasa sikilizeni, huyo ni tai." Nilizungusha tena na tena, ndani na nje ya mahali hapo, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kuhusu vifaa: msitumie bisibisi yenye sumaku karibu na kichwa, hata kama ndiyo inayoshika skrubu vizuri. Vile vichezeo vya kaseti vya plastiki vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta ni hasara, kwa maana mwendo wake hutetereka kama mlevi. Audacity, programu ya kuhariri sauti, inanitosha na ni ya bure, ila kitufe chake cha kupunguza kelele nimeacha kukigusa. Kilimfanya Baba asikike kama aliyezama kisimani, na kikafuta ndege wote.

Nilipanga kuyaandika maneno yote kabla ya ibada ya kumbukumbu ya Agosti. Mpango huo nimeusitisha kwanza. Katika kaseti ya tisa Baba anauzunguka ukingo wa kreta ya Menengai akitaja kila kona, mahali Ziwa Nakuru linapoonekana na mahali linapofichwa na miti, na anahesabu hatua zake kwa sauti kama kuruta. Jumamosi nitapanda na kaka yangu tukiwa na sauti hiyo kwenye simu, tuone kama hatua zetu zitalingana na zake.

Zimebaki kaseti tatu, mojawapo ikiwa na ukungu mweupe pembeni. Skrubu nimeiwekea alama ya kalamu nyekundu pale inapomfaa Baba. Kaseti nyingine zote za nyumbani sasa zinasikika vibaya, na mke wangu ameshauliza mara mbili ni nani aliyeziharibu taarabu zake.