Karatasi ya masaa 24

Wiki ya tatu sasa baba Nuru halali vizuri. Anasema akilalia ubavu wa kushoto anausikia moyo kwenye mto, unadunda dunda afu unaruka pigo moja, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato, halafu unarudi kwa kishindo. Juzi nimeamka saa nane usiku kitanda kitupu, nikamkuta sebuleni gizani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye simu, anahesabu. 88, akaniambia, hata sijauliza.

Mi mwanzoni nilikosea. Kila akisema namjibu usiwaze bana ni uchovu tu, nikidhani namtuliza kumbe namnyamazisha. Baba yake alianguka shambani akiwa na miaka 51 hakuamka tena, na baba Nuru mwaka huu anatimiza 49, hajawahi kulitamka ila hesabu anayoipiga naijua.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilitoka safi. Daktari akamweleza kwamba kile kipimo kinachukua sekunde kama 10 tu, moyo usiporuka muda huo hakioni kitu, so jana wakamfunga holta, kimashine kidogo cha kutembea nacho, waya zimebandikwa kifuani, masaa 24. Akapewa na karatasi ya kuandika kila anachosikia na saa yake.

Nikamwambia kalamu nipe mimi. Saa moja usiku, anakula, umeruka mara mbili. Saa nne, anafunga geti, hamna kitu. Saa tisa usiku, kashtuka usingizini, umeruka, anaogopa. Hapo kwenye anaogopa akanishika mkono, mama Nuru hilo usiandike. Akakaa kimya weee, afu akasema basi, liache. Miaka 17 ya ndoa sijawahi kumsikia akilikubali hilo neno.

Hatukulala tena. Nikachemsha chai ya tangawizi maana kahawa kaacha mwenyewe, akaanza kunisimulia ile siku ya shambani, nani alikuja kumwita darasani, jembe la mzee walivyolikuta bado limesimama kwenye tuta, mpaka adhana ya alfajiri anasimulia, na mi sikumkatisha hata mara moja.

Leo tumerudisha kimashine, majibu Alhamisi. Daktari kasema kifua kikimbana, au akazimia, au akahema kwa shida, tusingoje Alhamisi, twende emajensi palepale. Namba ya jirani mwenye gari nimeibandika mlangoni.

Saivi naandika yeye kalala. Ubavu wa kushoto.