Samaki si mbwa, waheshimiwa madiwani

Usiku mmoja, miaka sita iliyopita, nilisimama kando ya bwawa na ndoo mkononi. Ndani ya ndoo alikuwemo samaki mweusi, ngozi ngumu kama gome la mti, amejikunja kwa kuwa ndoo haikumtosha. Pleko wangu huyo. Nilimnunua akiwa hazidi kidole changu cha kati, na mwenye duka akaniapia: "Huyu atakulambia kioo king'ae, wala hakui kuzidi tangi lako." Nilimwamini kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia. Pleko wa kawaida hufika sentimita 40 na zaidi. Wangu nilipompima kwa rula alikuwa na 34, na hamu ya kula bado ilikuwa ya mtoto. Usiku akijigeuza, asubuhi nakuta mimea yote niliyoipanda kwa vidole vyangu inaelea.

Ndoo nilikuwa nimeshaiinamisha. Kilichonizuia si wema, nisijipambe bure. Pleko alikwangua plastiki kwa miiba ya mapezi yake, krrr, nikashtuka, nikakaa kwenye tope na kuanza kufikiri. Samaki hawa wakishaingia kwenye maji yasiyo yao huchimba mashimo kwenye kingo ili watage humo, na kingo zinabomoka. Huko Florida na Mexico wameliona hilo kwa macho. Nikanyanyua ndoo, nikarudi nayo nyumbani mkono ukiniuma. Kesho yake nikampeleka kwa yule yule aliyeniuzia.

"Kaka, si uliniambia hakui?"

Akamtazama pleko, akanitazama mimi, akacheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa. "Mlete ndani," akasema. "Usimwage maji mlangoni."

Nimemkumbuka pleko huyu kwa sababu ya sheria ndogo zinazopitishwa na miji mbalimbali kuzuia maduka kuuza wanyama wa kufugwa nyumbani. Chanzo chake ni mbwa na paka, na hapo sina ubishi. Jike anafungiwa kwenye kizimba, anazalishwa mzao baada ya mzao, watoto wanapelekwa dukani wakiwa na minyoo, na wakati huo huo vituo vya wanyama waliotelekezwa vimejaa hadi vinaua kwa kukosa nafasi. Jimbo la California, kuanzia Januari 1, 2019, liliyaambia maduka: mbwa, paka na sungura mtakaowauza watoke kwenye vituo hivyo, basi. Nikiwa diwani ningeinua mikono yote miwili.

Tatizo linaanza pale mtu anapoongeza maneno mawili matatu mwishoni mwa kifungu: "na wanyama wengine." Mfano ninaoupenda ni San Francisco. Mwaka 2010 tume ya ushauri ya jiji lile ilijadili kuzuia uuzaji wa wanyama, na samaki waliachwa nje. Mwaka uliofuata pendekezo likarudi likiwa limenenepa: sasa hata samaki wa dhahabu wamo. Halikuwahi kuwa sheria, ila sisi wenye matangi tulipata homa. Hoja kubwa ilikuwa kwamba watu hununua kwa pupa, halafu wanachoka. Ni kweli. Hata mimi, na ndoo yangu, ni ushahidi.

Lakini dawa ya mbwa ukimnywesha samaki haimponyi. Sheria ya mbwa inafanya kazi kwa sababu kuna mlango wa pili: usiponunua dukani, kituoni wapo wanaokusubiri. Sasa nenda kituoni ukaulize kama wana neoni, wale samaki wadogo wa matangini, kumi wasio na makao. Watakuangalia kama unavyomwangalia mtu anayetafuta mbuni sokoni. Kwa samaki mlango ni mmoja, na ndio huo huo wa kurudishia. Mwenye duka aliyenidanganya ndiye pekee aliyekuwa na tangi la kumtosha pleko. Ukimfungia, kosa lake la kwanza umelizuia, na fadhila yake ya pili umeizika pamoja nalo. Wale waliokwisha kununua wabaki na ndoo zao kando ya bwawa.

Halafu "samaki wa mapambo" si kitu kimoja. Wa maji baridi wengi wamezaliwa kwenye mabwawa ya ufugaji. Wa baharini wengi bado huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe, na wapo wavuvi waliokuwa wakipuliza sianidi, sumu kali, kwenye nyufa ili samaki walewe na kukamatika kirahisi. Matumbawe yanakufa, na samaki wengi nao hawafiki mbali. Hilo ningelipiga marufuku jana. Lakini kule Barcelos, kwenye mto Rio Negro nchini Brazil, familia zimeishi miaka mingi kwa kuvua kadinali, samaki mdogo mwenye mstari mwekundu na wa buluu, na kwa kuwa kadinali anahitaji msitu unaofurika ili azaliane, mvuvi ana sababu ya kuutaka msitu ubaki umesimama. Sheria isiyotenganisha kadinali huyu na samaki wa sianidi imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuloweka mkono kwenye tangi.

Nikubali pia kwamba zipo sheria za mji zilizonifurahisha. Monza, huko Italia, mwaka 2004 ilikataza kufuga samaki kwenye bakuli la mviringo. Maelezo yalikuwa kwamba samaki anaiona dunia imepinda. Nilicheka hadi nikakohoa, ila katazo lenyewe naliunga mkono kwa sababu nyingine kabisa. Bakuli likijazwa hadi shingoni linabaki na uso mdogo wa maji wa kupokea hewa, halina chujio, na amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi na matamvua ya samaki haina bakteria wa kutosha wa kuigeuza. Roma nayo ilifuata mwaka 2005, ikaongeza kuzuia samaki wa dhahabu kugawiwa kama zawadi za michezo. Samaki huyo anaweza kufika sentimita 30, na anaweza kukuzidi uvumilivu: mmoja wa Uingereza aliyeitwa Tish alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Huyo si wa kumpa mtoto kwenye mfuko wa plastiki kwa kuwa amerusha mpira vizuri.

Na mwaka 2021 mji wa Burnsville, Minnesota, ulitoa picha za samaki wa dhahabu waliotolewa katika ziwa Keller, wakubwa kama mpira wa futiboli ya Kimarekani, ukiwasihi watu waache kuwatupa humo. Kila mmoja wao alikuwa mdogo kwenye tangi la mtu.

Sasa mimi mwenyewe nitaangukia wapi? Ninapoandika haya, mbele yangu kuna tangi la lita 80 lenye multi, samaki mdogo wa jamii ya kichlidi wa Ziwa Tanganyika anayeishi ndani ya maganda matupu ya konokono. Dume hazidi sentimita 5. Sasa hivi kuna jike anahamisha mchanga: anachota mdomo mmoja, anaogelea hadi mpakani, anautema upande wa jirani. Jirani anatoka, anautazama, anauchota, anaurudisha ulikotoka. Wamekuwa kwenye kesi hii ya ardhi tangu Jumatatu. Nilianza na sita. Vifaranga hawafukuzwi, wanakulia pale pale kati ya wazazi na ndugu waliowatangulia, kwa hiyo jana nilihesabu hamsini na kitu nikaacha, maana wanaingia kwenye maganda kabla hujamaliza.

Hawa hamsini lazima wahame. Huwa nawagawa kwa wafugaji wenzangu, ishirini huyu, kumi yule, na wao hunipa hela ya chakula cha samaki au chujio lililotumika. Je, huko ni kuuza? Katika rasimu nyingi nilizowahi kusoma neno "kuuza" limebeba pia kubadilishana na kutoa kwa malipo yoyote. Basi mimi na mfugaji wa mbwa mia mbili tumeingia kifungu kimoja, na wote tunaitwa wazalishaji.

Ningepewa kalamu ningeanza na kitu kidogo tu: kila tangi dukani libandikwe urefu wa samaki akiwa mtu mzima na lita anazohitaji, na duka lililomuuza lilazimike kumpokea akirudishwa. Naamini maduka yenyewe yangepiga kelele kuliko sisi.

Mwezi uliopita nilipita pale dukani kutafuta hita. Pleko wangu yupo, kwenye tangi kubwa la chini kabisa, ameegemeza tumbo kwenye gogo, mnene kama mkono wangu. Kwenye kioo pamebandikwa karatasi iliyoanza kuwa ya njano, imeandikwa kwa kalamu nene: HAUZWI.