Uzi Mwekundu Ukutani

Shule zilikuwa zimefungwa, na baba mdogo alikuwa ametundika ramani ya dunia ukutani. Alinikabidhi atlasi yake kuukuu akaniambia nifungue faharasa, kule nyuma ya kitabu ambako sikuwahi kufika, nimsomee kila jina la mji lililoandikwa katika nchi zaidi ya moja. Yeye alishika pini na uzi mwekundu wa kushonea. Kazi ilikuwa kuunganisha mji mpya na mji wa zamani uliouazima jina.

Boston na Perth tulizimaliza haraka, nyuzi zote mbili zikaelekea Uingereza na Scotland. Medellín ndiyo iliyonisimamisha. Jiji la Kolombia lenye watu zaidi ya milioni 2 linaitwa kwa jina la kimji cha Hispania chenye wakazi wapatao 2,000, alikozaliwa Hernán Cortés, Mhispania aliyeiteka Meksiko.

Memphis ikaja baadaye. Nilimwuliza ni Wamisri gani waliohamia Tennessee, huko Marekani, naye akajibu kwamba hakuna. Walioanzisha mji huo mwaka 1819, Andrew Jackson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa mmojawapo, waliutazama mto Mississippi wakaukumbuka Nile. Memphis ya Misri ilikuwa magofu kwa karne nyingi. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha kiasi kile; nadhani ni kwa sababu jina lilikuwa limevuka bahari bila mtu wa kulibeba.

Tulikaa sana kwenye Cartagena. Ile ya Kolombia ilianzishwa na Pedro de Heredia mwaka 1533, ikapewa jina la Cartagena ya Hispania. Nilifikiri tumemaliza, lakini baba mdogo hakukata uzi. Mji ule wa Hispania nao, aliniambia, uliasisiwa na Hasdrubal wa Karthago karibu mwaka 228 KK, na Warumi walipouteka wakauita Carthago Nova, yaani Karthago Mpya. Uzi ukashuka hadi Tunisia, ilikokuwa Karthago yenyewe. Hata hapo haukukoma, maana Karthago ilijengwa na Wafoinike kutoka Tiro, katika Lebanon ya leo. Warumi waliiangamiza Karthago mwaka 146 KK, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuondoka nyumbani, likaendelea kuishi kwa watu waliouchoma mji wenyewe, na hatimaye likapanda merikebu za Wahispania. Mpaka leo, katika habari zote za majina ya miji, hii ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine.

Berlin ilituletea ubishi. Kanada ulikuwako mji wa Berlin, uliokaliwa na watu wenye asili ya Kijerumani. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, wakazi walipiga kura na kwa tofauti ndogo jina likafutwa. Mji ukaitwa Kitchener. Mimi nilisema usipewe uzi, kwa kuwa haumo kwenye faharasa. Baba mdogo alichomeka pini hata hivyo.

"Waliopiga kura ya kulibakiza jina walikuwa watu pia," alisema.

Ni maneno hayo yaliyonifanya niulize swali nililopaswa kuuliza tangu Boston: hapo mahali palikuwa panaitwaje kabla? Tulikuwa tumefika Mérida ya Meksiko. Wahispania walioianzisha mwaka 1542 waliyakuta majengo makubwa ya mawe ya Wamaya, yakawakumbusha magofu ya Kirumi ya Mérida ya kwao. Kisha wakayabomoa, na mawe yake wakajengea mji wao. Wamaya walipaita T'ho. Nilitafuta kwenye herufi T, jina halikuwamo. Baba mdogo alinipa penseli, nikaliandika pembeni mwa ukurasa. Niliumia kuona mji uliosifiwa kwa kufanana na mwingine ndio uliovunjwa ili mfano wake ujengwe.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wasemaji wa Kimaya wa Yucatán bado wanaiita Mérida kwa jina lile la kale, ambalo siku hizi huandikwa Jo'. Nilimpigia simu baba mdogo usiku uleule. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama ile atlasi bado ninayo. Nikamwambia ninayo.

"Basi penseli haitoshi," alisema. "Liandike upya kwa wino."