Na kitanda pia

Leo siku ya sita, na nikifumba macho bado naisikia sauti yangu mwenyewe: "Na kitanda pia, madam."

Ilikuwa Jumatatu, magharibi imeshaadhiniwa, mwenzangu kenda kusali, simu ya mapokezi ikalia. Chumba namba 14, yule bibi wa Kiingereza mwenye kofia. Akasema kwa upole kabisa, "My room hasn't been turned down." Sasa mimi "turn down" naijua ni kukataa. Ndivyo tulivyofundishwa skuli: kukataa ombi, au kupunguza sauti ya redio, na mtihanini nilipata. Redio vyumbani hamna. Basi nikamtuliza kwamba hakuna aliyekikataa chumba chake, ni chake mpaka Alhamisi. Kimya. Kisha akasema taratibu, kama anayemsemesha mtoto, kwamba anazungumzia kitanda. Nami, na tabasamu langu lile la kazini: "Na kitanda pia, madam."

Kugeuka, bosi kashikilia meza kwa kicheko. Tangu siku hiyo jikoni hawaniamkii, ni "na kitanda pia?" tu. Hata mlinzi wa getini.

Kumbe mahotelini hiyo ni kazi ya jioni. Dukani kwa ami nani angenambia? Wageni wakiwa chakulani, wasichana wa vyumba huingia, wakaondoa tandiko la juu, wakakunja ncha ya shuka pembe tatu upande anaolalia mgeni, wakashusha chandarua, wakafunga mapazia na kuacha taa moja ya kando. Ukosi wa shati nao ukiukunja, neno ni hilohilo. Nilipomweleza mama, aliuliza kwani huyo bibi hana mikono.

Usiku namjibu upya. "Sawa, madam, anakuja mtu sasa hivi." Nimeshamjibu hivyo mara hamsini, na kila mara kwa Kiingereza safi.

Jumatano nikamwomba Mwanaisha anifundishe, nikakikunja cha 14 kwa mkono wangu. Ncha ikatoka imepinda. Akaikunjua, akaikunja tena bila kusema kitu. Sijui kwa nini pale ndipo nilipomkumbuka baba. Siku alipokuja mshenga wa yule wa baiskeli (mnaonisoma tangu zamani mnamjua), baba hakutamka kwamba anakataa. Alimkaribisha kahawa, akauliza hali za wazee, halafu akasema, "Mtoto bado anasoma." Nami nilikuwa na mwaka mzima nauza mchele dukani! Mshenga akashukuru, akamaliza kahawa yake, akavaa makubadhi. Nilikuwa nyuma ya pazia, na kwa muda nilidhani posa imekubaliwa.

Zuhura kaolewa jana, alhamdulillahi, pilau ilitosha. Yule wa baiskeli alikuwemo, siku hizi ana gari, alikuwa akipitisha sinia upande wa wanaume. Mwanawe wa kike alikimbilia kwetu kuomba maji, akaniita shangazi. Nikampa maji.

Mwani wa mama umeanikwa tangu juzi, na kule baharini naona kumeanza kufunga. Turubai letu lilikwenda harusini. Kila ninayemuuliza anasema kaliona kwa mwingine.