Nipe Mji

Ramadhani ya mwaka 2020 ilitukuta tumetawanyika na kila mmoja amejifungia kwake. Mji wa Muscat, anakoishi ami yetu, ulikuwa umewekewa vizuizi vya kuingia na kutoka tangu tarehe 10 Aprili. Leicester, aliko mtoto wa kaka yangu, misikiti ilikuwa imefungwa na watu wametakiwa wakae majumbani. Huku kwetu Dar es Salaam misikiti ilikuwa wazi lakini shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na mwajiri wangu alikuwa ametuambia tufanyie kazi nyumbani. Ndipo kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ambalo kwa miaka lilikuwa la salamu za Ijumaa na taarifa za misiba, lilipogeuka kuwa baraza, na katika baraza hilo mdogo wangu wa Tanga akaanzisha mchezo tuliouita Mimi Nani.

Kila usiku baada ya tarawehe, saa nne kwa saa za Afrika Mashariki, mmoja wetu alikuwa mfichaji. Alimficha mtu mashuhuri moyoni mwake, kisha akatuma vidokezo saba, kimoja kila baada ya dakika kumi, akisema kana kwamba yeye ndiye mtu huyo. Aliyemtambua kwa kidokezo cha kwanza alipata alama saba, kwa cha pili sita, na hivyo hivyo hadi moja. Jibu lilitumwa faraghani kwa mfichaji ili wengine wasinakili, na kila mchezaji alikuwa na jibu moja tu. Ukikosa umefungiwa mpaka kesho yake. Tulifungua kwa adabu ya vitendawili vya utotoni: mfichaji aliandika "Kitendawili!", nasi tukajibu "Tega!", na vidokezo vyote saba vikiisha bila mtu kupata, mfichaji alikuwa na haki ya kudai mji. Ami alikuwa bingwa wa kudai miji. Kufikia wiki ya pili alikwisha kumiliki Tabora, Kisumu, Bujumbura na Cairo, na alikuwa akituuliza kwa dhihaka nani atamlipa kodi. Mshindi wa mwezi angepata kilo mbili za halua ya Oman, ambazo ami aliahidi kuzituma ndege zitakaporuhusiwa kuruka.

Usiku mwingine ulikuwa mtamu, mwingine chapwa. Ami mwenyewe alitufungia kwa kidokezo hiki: "Nilijifunza kuandika kwa siri, na ubao wangu ulikuwa mfupa wa bega la ngamia." Tulikuna vichwa. Aliyefichwa alikuwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na akaja kuyasimulia maisha yake kwa Kijerumani akiwa tayari ni Emily Ruete. Mdogo wangu naye aliandika, "Nilimaliza wa mwisho, na kwa hilo mnanikumbuka," akimkusudia John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililoumia na hakukubali kuacha. Lakini kulikuwa pia na usiku ambapo binamu mmoja alianza na "Nilizaliwa tarehe 13 Aprili 1922," na watu sita wakajibu Nyerere kabla dakika moja haijapita. Mtu aliyefasiri Mabepari wa Venisi, mtu aliyewahi kuwafundisha watoto baiolojia, unamfichaje kwa tarehe ambayo kila aliyesoma Tanzania ameikariri? Baada ya usiku huo ami akapitisha sheria: hakuna tarehe wala mwaka katika vidokezo vitano vya kwanza. Tulikuwa tumekwisha kuapizana kwa heshima ya mwezi kutofungua Google, na tarehe, alisema ami, ni kumwekea mfungaji sahani ya chakula mbele yake na kumwambia asitazame.

Zamu yangu ilifika katikati ya mwezi, nami niliipokea kwa majivuno ambayo sasa yananichekesha. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Kwa miaka kadhaa nimelipwa mshahara ili, pamoja na mambo mengine, nisome maswali ya mazoezi mwishoni mwa kila sura na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Lina majibu mawili," kila ninapoona mwandishi ameuliza jambo linaloweza kujibiwa kwa njia asiyoitarajia. Niliamini hakuna katika ukoo anayejua kutunga swali kunishinda. Nilikaa mezani alasiri nzima na daftari, harufu ya bajia ikiniteremkia kutoka kwa jirani wa juu, nikaandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena. Mtu wangu alikuwa Siti binti Saad.

Shida ya kumficha Siti ni kwamba kila jambo lake linapiga kelele. Ukitaja taarabu, umemtaja. Ukitaja vyungu alivyokuwa akivichuuza kabla hajawa mwimbaji, kila aliyesoma Shaaban Robert shuleni atanyoosha mkono. Kwa hiyo nilimvua mapambo yake moja baada ya jingine. Jina alilozaliwa nalo, Mtumwa, nikalificha nyuma ya maneno "jina nililopewa". Bombay, alikokwenda kurekodi mwaka 1928, nikaifanya India. Vyungu nikavifanya bidhaa. Akina Subeit bin Ambari na Mbaruk Talsam, waliompigia ala, nikawafanya wanaume bila majina. Nilipomaliza nilitazama ukurasa ule, uliokuwa na doa la mafuta ya futari ya jana kwenye kona, nikajipongeza.

Saa nne kamili niliandika "Kitendawili!" na majibu ya "Tega!" yakamiminika. Kidokezo cha kwanza: "Nilizaliwa Unguja, lakini jina nililopewa nilipozaliwa silo mnalonijua nalo." Kimya. Cha pili: "Nilivuka bahari kwenda India." Kimya, isipokuwa ami aliyeandika kundini kwamba nusu ya Unguja imevuka bahari kwenda India na nusu nyingine imetoka huko. Cha tatu: "Kabla sijawa na jina, niliuza bidhaa ili nipate riziki." Hapo simu ikalia. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, faraghani: "Freddie Mercury."

Nilicheka peke yangu. Inafaa ieleweke kwamba saa nne yetu ilikuwa kwao saa mbili, saa ambayo kwetu ni usiku mnene lakini Leicester mwezi Mei jua bado limening'inia, na yule kijana alikuwa hajafuturu. Nikadhani njaa ndiyo iliyomjibia. Nikamwandikia, "Umekosa, mwanangu. Futuru kwanza," nikaendelea na kazi.

Kidokezo cha nne: "Wanaume walipiga ala, nami niliimba mbele yao." Kijana akanitumia alama moja ya kuuliza. Dakika hiyo hiyo mdogo wangu wa Tanga akaleta jibu sahihi na kujinyakulia alama nne. Kidokezo cha tano: "Sauti yangu ilitiwa kwenye santuri, nayo ikafika mahali ambapo miguu yangu haikuwahi kufika." Kijana akatuma alama tatu za kuuliza, zimepangwa kama vijiti vya mishikaki. Sikumjibu. Cha sita kilitaja Fumba, kijiji alikozaliwa Siti, na cha saba kilisema kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wangu, na hapo waliobaki wote wakaingia kwa pamoja kama watu wanaoharakishia daladala. Nikatangaza jina, nikasubiri pongezi.

Ujumbe uliofuata ulitoka Leicester, nao ulikuwa mrefu. Ulianza kwa "Shikamoo Shangazi" na "samahani sana", kama ilivyompasa mtoto aliyelelewa vizuri, kisha ukanichambua kidokezo kwa kidokezo. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, na jina alilopewa lilikuwa Farrokh Bulsara. Alivuka bahari kwenda India akiwa mtoto, akasoma shule ya bweni huko Panchgani. Kabla bendi yake ya Queen haijajulikana aliuza nguo kuukuu katika soko la Kensington, London, pamoja na Roger Taylor, mpiga ngoma wake. Wanaume watatu walipiga ala naye aliimba mbele yao. Kuhusu santuri, aliandika, hadhani kama nahitaji maelezo. "Shangazi, nilipojibu ulikuwa umetoa vidokezo vitatu, na vyote vitatu ni vya kweli kwake. Baadaye ukaongeza viwili, navyo ni vya kweli. Mpaka Fumba ilipotajwa nilikuwa najua nimepata, nikafikiri unanitania."

Niliusoma ujumbe ule mara mbili nikiwa nimesimama. Kisha nikachukua daftari, nikaweka kidole kwenye kila mstari wa penseli, na kila mstari ukakubali majina yote mawili. Nilitamani angalau mmoja ukatae. Nilichokuwa nimekifanya alasiri nzima, nikidhani ninamficha Siti, ni kumpunguza hadi akatoshea ndani ya maisha ya mtu mwingine. Kwa kuondoa vyungu na Bombay na majina ya wapigaji wake, nilikuwa nimebakiza mwimbaji wa Unguja ambaye angeweza kuwa mwanamke mzaliwa wa Fumba ya karne ya 19 au mwana wa Kiparsi ambaye baba yake alikuwa karani wa fedha mahakamani. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa pale pale kando ya daftari.

Kundini mambo yalikuwa yamechafuka. Mdogo wangu alisema mfichaji ndiye anayejua aliyemficha na mjadala umekwisha. Alama zake nne zilikuwa hatarini, kwa hiyo sikushangaa. Binamu wa tarehe ya Nyerere, ambaye alikuwa na kisasi, alisema kijana apewe alama zake tano, na alama hizo zingempandisha kileleni kwenye jedwali la halua. Mtu akauliza kama Freddie Mercury anahesabiwa kuwa wetu, na hilo likazua tawi lake la ugomvi ambalo sitalifuata. Hatimaye wote wakamgeukia ami, mkubwa wetu, atoe hukumu.

Hukumu ilikuja kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu za kwanza hazikuhusu kesi. Ami alieleza jinsi utotoni alivyokuwa akitumwa nyumba ya jirani kuzungusha mpini wa gramafoni, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa mtu mzima na mkono wake ulichoka haraka, na jinsi sauti ya Siti ilivyokuwa ikianza kuzama na kuvutika kila spring'i ilipolegea, mpaka wazee waliokaa barazani wakimpigia kelele, "Mtoto, mama anasinzia, mwamshe!" Alisema yeye kwa muda mrefu aliamini kwamba ni mkono wake unaomfanya yule bibi aimbe. Nyuma ya sauti yake nilisikia kiyoyozi cha Muscat kikivuma. Katika nusu dakika ya mwisho akakumbuka alichoulizwa, akaamua hivi: alama za kijana hazitolewi, kwa kuwa aliyefichwa ni Siti, lakini hakukosa, kwa kuwa alijibu alichoulizwa, kwa hiyo shangazi yake, aliyemfungia bila haki, ampe mji.

Kila mtu alinung'unika, nami nikalipa. Kwanza nilimpa Leicester. Akanijibu kwamba Leicester anaishi tayari na haimpi raha. Nikampa London, akaikataa. "Nipe Bombay," akaandika, nami nikampa Bombay yote pamoja na bandari yake, kwa kuwa Siti alirekodi huko, na shule ya Panchgani nayo haiko mbali sana na mji huo.

Usiku uliofuata ulikuwa zamu yake. Saa nne kamili aliandika "Kitendawili!", tukajibu "Tega!", na kidokezo chake cha kwanza kikaja: "Nilizaliwa Unguja, lakini jina nililopewa nilipozaliwa silo mnalonijua nalo." Kilikuwa kidokezo changu, neno kwa neno. Dakika kumi baadaye alivuka bahari kwenda India, na baada ya dakika kumi nyingine akauza bidhaa ili apate riziki. Kundi zima lilikaa kimya, kwa maana kila mmoja alijua kwamba wako wawili, na kwamba ana jibu moja. Nilifikiri kama mhariri: kijana huyu alidhulumiwa jana kwa ajili ya Freddie Mercury, amezaliwa Uingereza, na leo amekuja kudai haki ya mtu wake. Nikaandika jina hilo, nikabonyeza.

Alama mbili za bluu zilitokea mara moja. Kisha nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Umekosa, Shangazi," aliniandikia. "Nimemsoma mchana kutwa. Nipe mji."

Nikampa Fumba.