Usitikise miti: nilivyojua kuwaona vinyonga wa Amani

Kuna ushauri unaomzungukia kila anayepanda Amani, huku kwetu Usambara Mashariki, kutafuta vinyonga. Njoo mchana jua likiwaka, ingia ndani kabisa ya msitu, tikisa miti wadondoke. Aliyeutunga sijui alikuwa na ugomvi gani na vinyonga. Mimi nimeuona ukifuatwa hatua kwa hatua, kutwa nzima, nami nikiwa mbeba mabegi.

Kazi yangu ni bodaboda, Muheza hadi vijiji vya juu. Siku hiyo tulikodiwa pikipiki mbili na jamaa mmoja wa mjini anayeongoza wageni. Kofia ya ukingo mpana, suruali ya mifuko mingi, fimbo mkononi. Alikuwa na wanafunzi wawili wa chuo, kijana na binti, waliotaka kumpiga picha yule kinyonga wa pembe tatu. Tukalipa getini, tukaingia.

Fimbo ikaanza kazi. Mti wa kwanza ulitoa majani makavu. Wa pili ulimwaga maji yote ya mvua ya usiku, yakaishia kwenye kamera ya binti. Wa tatu ulikuwa na nyigu, na hapo tukajua kuwa mwongozaji wetu ana mbio. Kofia ilibaki. Tuliporudi kuifuata tukakanyaga msafara wa siafu. Ukimwona mtu mzima anavua suruali ya mifuko mingi mbele ya wateja wake, ujue siku imekwisha hata kama jua bado liko juu. Yeye akasema hiyo ni dalili nzuri, penye siafu pana wanyama. Tukaendelea kutikisa. Hadi jioni hatukupata kinyonga hata wa dawa.

Nina hakika tuliwapita wengi. Mchana kinyonga yuko macho na yuko kijani ndani ya kijani. Akikuhisi unakuja anazunguka taratibu upande wa pili wa tawi, anakuacha wewe utazame gome. Na huyo unayemtikisa, akidondoka kutoka juu anaweza kuumia, na wewe hutajua kaangukia wapi.

Giza lilitukuta tunateremka kuelekea Sigi. Wanaoijua barabara ile wanajua kona zake: ukikata kona, taa ya pikipiki inafagia ukingo wa juu, vichaka vyote vinamulikwa kwa zamu. Kwenye kona mojawapo nikaona kitu cheupe kwenye ncha ya kijiti. Nikadhani karatasi. Binti niliyempakia akanipiga bega nisimame. Tukarudi nyuma kwa miguu, nikakigeuza chombo mwanga uelekee kichakani. Alikuwa dume mzima wa pembe tatu, *Trioceros deremensis*, amelala fofofo, rangi imempauka kabisa, mkia umeviringwa kama jalebi. Urefu wa kifua cha mtu, pembeni mwa barabara ninayopita kila siku ya Mungu. Mwongozaji akashuka kwenye pikipiki ya pili, akajifuta jasho, akasema, "Ndiyo maana niliwaambia tusishuke mapema."

Toka hapo sikulala. Kila nikipandisha abiria usiku nilikuwa nakata kona polepole kuliko kawaida, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimelewa. Niliwaona, lakini wale wa ukingoni tu na wa urefu mmoja. Nikachukua tochi nikaanza kutembea, na kwa miguu nikaona wachache zaidi kuliko kwa pikipiki! Ilinisumbua sana. Tochi nilikuwa naishika chini, kiunoni, kama mtu anayekwenda chooni. Siku moja mikono imejaa, nikaibana tochi kati ya sikio na kofia, na ghafla wakatokea: mmoja hapa, mwingine pale, kichanga kwenye jani la mgomba. Mwanga ukitoka sawa na jicho lako, kivuli cha majani kinajificha nyuma ya majani, huna kinachokusumbua. Jani bichi linameta, kinyonga aliyelala hameti, ni weupe mkavu. Ukishaupata ule weupe mara moja, jicho haliusahau tena.

Baadaye niliambiwa ninunue tochi ya kichwani ya laki na kitu, tena yenye mwanga mwekundu eti usiwaamshe. Yangu ni ya elfu kumi na kitu, dukani Muheza, nimeifunga kwenye kofia kwa mpira wa tyubu. Mwanga mwekundu unaua ule weupe wote, utatembea hadi alfajiri ukisalimiana na majani.

Jingine la kujua ni ncha. Kinyonga halali katikati ya tawi. Anakwenda mwisho kabisa, kwenye kijiti chembamba, ili nyoka akipanda kijiti kitikisike naye aamke. Kwa hiyo acha kukagua mashina. Tembea kama mtu aliyebeba mtungi, fagia ncha tu, kisha simama na ugeuke uangalie ulikotoka, maana wengine wanaonekana kwa upande mmoja. Usiku wa upepo baki nyumbani, majani yakigeuka migongo meupe utamkimbilia kila mmoja. Mvua ikishakatika na kutulia ndiyo wakati wake.

Na usiangalie juu tu. Wale wadogo wa kahawia wanaofanana na jani lililokauka, *Rhampholeon temporalis*, urefu wa kidole, wanalala magotini mwako, kwenye kangaga na miche. Ukivaa gambuti utapita salama na siafu. Ukivaa sandali usinitaje.

Sasa niwape kitu kilichonifanya niache kuwaita wote "kinyonga" tu. Mtafiti mmoja niliyekuwa nampakia alikaa na mimi kibandani akachora milima kwenye karatasi ya maandazi. Hii Usambara Mashariki yetu, ile Magharibi ya Lushoto, katikati bonde la Lwengera. Mnyama wa msitu wa baridi na unyevunyevu hawezi kuvuka bonde kavu lenye joto. Miaka mingi mno kila upande unakwenda kivyake. Vinyonga wetu wa pembe mbili na wale wa Lushoto walikuwa wanawekwa kapu moja, wote wakiitwa *Kinyongia fischeri*, hadi mwaka 2008 wataalamu walipokaa wakawalinganisha upya. Wa Lushoto akawa *Kinyongia multituberculata*. Wetu wakawa wawili: *matschiei*, yule mkubwa, na *vosseleri*. Huyo Vosseler mwenyewe alikuwa mtaalamu wa wadudu hapa hapa Amani, enzi za Mjerumani, kwenye kituo cha utafiti walichokifungua mwaka 1902. Yaani mnyama alikuwa ameshaokotwa na kupewa jina kabla babu yangu hajazaliwa, akapotezwa ndani ya jina la mwingine karibu karne nzima. Ndiyo maana nacheka nikisikia mtu anadhani kugundua ni lazima upasue msitu kwa panga.

Kule bonde la Kilombero ndiyo vituko. Mtafiti Mwingereza, Andrew Marshall, yuko katika msitu wa Magombera, akamshtua nyoka, nyoka akatapika kinyonga. Kumtazama, si yeyote anayejulikana. Mwaka 2009 akatangazwa spishi mpya, *Kinyongia magomberae*. Nilipomsimulia mwenzangu wa kijiweni alisema basi kazi rahisi, tutafute nyoka tuwatishe. Nikamwambia atangulie.

Kuwaona ni jambo moja. Kijijini kwetu kinyonga alikuwa na hali mbaya. Watoto wakimkuta wanamtia ugoro mdomoni wamwangalie anavyobadilika rangi akifa. Wazee hawawakatazi, kwa sababu kinyonga njiani ni mkosi. Nilikwenda kwa bibi mmoja jirani, ambaye wajukuu zake ndio walikuwa mafundi wa ugoro huo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeleta yale madudu yako?"

"Sikuleta bibi. Nimekuja kuwaomba wajukuu zako jioni."

"Wachukue. Lakini kikimrukia mtoto, wewe ndiye utakayemlea."

Shirika moja lilikuwa limeshapita kuwahutubia watoto shuleni, na mabango, na fulana. Fulana zilivaliwa, ugoro ukaendelea. Mimi nikaweka dau. Anayemwona kinyonga amelala ananionyesha kwa kidole, namlipa andazi. Asiguse kijiti. Kinyonga akiamka, dau limeliwa, hakuna andazi kwa yeyote. Hapo ndipo palipokuwa na utamu, maana aliyelala anakuwa mweupe, akiamshwa anaanza kukoza rangi pale pale mbele ya macho yenu, huwezi kudanganya. Usiku wa kwanza waliwaamsha karibu wote kwa kelele. Wakaanza kugombezana wenyewe: we nyamaza, utatukosesha! Wiki hazikupita nyingi, mtaa mzima wa watoto unatembea kwa kunyata kuliko paka, na wanasahihishana: huyu jike, hana pembe, yule mdogo wa *deremensis*, pembe bado. Ugoro ulikufa wenyewe, maana nani atamwua aliyempa andazi jana? Maandazi yalinigharimu, sikatai, lakini ni chini ya bei ya fulana.

Angalizo: usithubutu kulipa kwa kuletewa. Ukilipa kwa kuletewa watakuletea ndoo nzima, halafu wewe ndiye mwenye kesi. Kumkamata kunahitaji vibali, na kama ni utafiti njia inaanzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Hata kutembea usiku ndani ya hifadhi, ambayo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, pitia kwanza ofisi ya TFS, wakala wa huduma za misitu, upewe ruhusa na mtu wa kukuongoza. Njia zangu mbili za kuhesabia kwa sehemu kubwa ziko pembezoni na ofisi inazijua. Ninazipita zilezile kila nikipata nafasi, naandika kwenye daftari: saa, mvua, aina, dume au jike, urefu kutoka chini. Daftari linanuka petroli lakini watafiti wanalipiga picha kurasa zote, na hawajawahi kulalamikia harufu.

Wanaolalamika ni wengine. Tangu 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, wanunuzi hawaji tena waziwazi, wanakuja kama watalii. Mmoja alinifuata kijiweni akasema anataka jozi tu, dume mwenye pembe nzuri na jike, na fedha aliyotaja ilinifanya nimeze mate. Nikamwambia mimi ndiye mtaalamu, haina shida, ila vinyonga lazima watafutwe mchana jua likiwaka, ndani kabisa ya msitu. Nilimzungusha kutwa. Fimbo tu ndiyo sikumpa. Kila akichoka namwambia bado kidogo, wakubwa wako mbele. Kofia yake ilipona lakini siafu aliwapata. Jioni alinilipa nauli ya siku nzima na chakula, akaondoka usiku uleule, taa za gari lake zikiwamulika vinyonga pande zote mbili. Watu wa hifadhi niliwapa namba za gari hilo.

Ndiyo maana picha zangu hazina mahali. Kwenye simu zima ile sehemu inayoandika eneo kabla hujapiga, si baada. Ukipandisha iNaturalist, ule mtandao wa kuweka picha za viumbe, spishi walio hatarini wanafichiwa alama ya mahali kwa makusudi, lakini ukishaisambaza picha hiyohiyo kwa marafiki ikiwa na eneo ndani yake, umeshafungua mlango. Na usiandike "kona ya tatu baada ya mti mkubwa". Watu wanasoma.

Wanafunzi wakija sasa wananitafuta mimi, mwongozaji wa fimbo simwoni siku hizi. Hesabu yangu na wao ni nauli, chai, na wanitumie picha nzuri kwa ajili ya watoto. Mmoja wao ndiye aliyenitia wazimu mpya. Kasema mwaka 1926 aliokotwa hapa Amani chura mdogo wa kwenye majani makavu, *Parhoplophryne usambarica*, mmoja tu, na mimi sijasikia wa pili. Chura halali kwenye ncha ya kijiti. Yuko chini, chini ya majani, na tochi ya kwenye kofia haisaidii kitu. Nimeanza kupekua taratibu kandokando ya vijito, kwa mikono, nikirudisha kila jani lilipokuwa. Magoti yananiuma na bado napata jongoo. Ukiwa na mbinu yoyote isiyohusu kutikisa, niambie.